Je, Yafaa Kumficha Daktari Mizizi?

Muhula uliopita, katika mjadala wa darasa letu, mwenzangu mmoja alisema kwamba mgonjwa wa kiharusi anayekandwa na mganga wa kienyeji ni mjinga. Wote wakapiga makofi. Mimi sikupiga, maana mgonjwa wa namna hiyo ni babu yangu, mzaa mama.

Babu ni mtu wa Kivu, naye hukaa Nakivale. Asubuhi moja aliamka mkono na mguu wa kuume havina nguvu, na mdomo umekwenda upande. Majirani wakasema ni pepo. Siku ya tatu ndipo tulipompeleka Mbarara. Tulichelewa sana, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa katika saa nne na nusu za kwanza, tena baada ya kichwa kupigwa picha ili ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Akarudi na vidonge vya presha na agizo la kufanya mazoezi.

Mazoezi na nani? Nauli ya kwenda mjini kila juma hatuna. Mganga, mzee wa Kikongo, alikuja kila jioni. Alimkanda kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, akamnyosha vidole kimoja kimoja, akamwambia, "Inuka, mzee, tutembee." Yeye aliita kazi hiyo kufukuza upepo. Kwa maoni yangu yalikuwa mazoezi yale yale, maana ubongo hujifunza upya kwa kurudia-rudia mwendo.

Lakini alitoa pia mizizi ya kunywa, akasema isichanganywe na vidonge. Babu akavificha vidonge chini ya godoro. Katika zahanati moja nesi alipomwuliza kama anatumia miti shamba, alijibu, "Hapana, binti yangu," kwani alikuwa amemsikia mgonjwa aliyemtangulia akikemewa kwa jambo hilo. Presha ikapanda. Kiharusi kikampiga mara ya pili, na sasa hasemi.

Wengine hudhani haya ni mambo ya shamba tu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 huko Tanzania ulionyesha kinyume: watu wa Dar es Salaam ndio waliotaja majini na uchawi zaidi, na watu wa Hai, walio shamba, walitaja presha na kukimbilia hospitali kwanza.

Hata sheria ya Uganda ya mwaka 2019 inawatambua waganga na kutaka waandikishwe. Basi ninyi wanafunzi wa zamani mlio madaktari na wauguzi, nawasihi, mwulizeni mgonjwa bila kucheka, naye ailete hiyo mizizi mezani. Mganga naye aambiwe wazi: kanda utakavyo, vidonge usiviguse.

Likizo hii mimi ndimi nitakayemkanda babu. Yule mzee ameahidi kunionyesha vidole vinavyoanzwa.