Nguvu za kiume si uzazi



Ndugu wasomaji, mavuno ya mpunga yanapomalizika Usangu na fedha zikaonekana mikononi, wauzaji wa miti shamba hapa Rujewa nao hupata mavuno yao. Mizizi, magome na unga huuzwa kwa jina moja tu, “dawa ya nguvu za kiume”. Mnunuzi akiulizwa shida yake, mara nyingi hujibu kuwa ndoa imepitisha miaka kadhaa bila mtoto.

Hapo pana mkanganyiko mkubwa. Nguvu ya tendo la ndoa ni jambo moja na uzazi ni jambo jingine. Mwanamume aweza kuwa na nguvu kamili ilhali manii yake hayana mbegu hata moja. Tazameni mzizi wa mukombero, utafunwao sana magharibi mwa Kenya kwa ajili ya nguvu hizo. Watafiti wa Kameruni waliwanywesha panya dume maji ya mzizi huo. Utafiti mmoja uliona homoni ya kiume ikiongezeka. Mwingine, wa mwaka 2001, uliona panya walionyweshwa kwa siku 55 wakiacha kutengeneza mbegu, kisha wakarejea hali yao walipoachishwa. Mbegu za papai na majani ya mwarobaini, vitu vya uani kwetu, navyo vimepunguza uzazi wa wanyama dume katika majaribio.

Atasema mtu, panya si mwanadamu. Ni kweli. Lakini China, katika miaka ya 1970, iliwapa maelfu ya wanaume gosipoli itokanayo na pamba ili kupanga uzazi. Mbegu zilipungua, na baadhi yao hawakurejea tena katika hali ya kuzaa.

Mume huyu wa Rujewa basi anakunywa, anajiona simba, mimba haishiki, na lawama zote zinamwangukia mke. Wapo walioachwa kwa sababu hiyo hali waume zao hawajapimwa hata mara moja. Nabii Zakaria (a.s.) alipomwomba Mola wake mtoto, alianza kutaja udhaifu wake mwenyewe, ndipo akamtaja mkewe.

Muuzaji naye asijione salama. Mafakihi humtwisha dhamana ya madhara yule anayetibu bila kuijua tiba, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka asajiliwe.

Wanaoona haya kupima wajue kwamba manii yaweza kupatikana kwa msaada wa mke, bila kufanya lililokatazwa. Kipimo hutaka siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa. Na kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, aliyekuwa akinywa dawa hizo amweleze daktari, aziache, kisha apimwe tena baada ya miezi mitatu.