HOFU YA UGONJWA NA CHAKULA CHA MPIGA NGOMA



Sisi wa reli twaujua msimu kwa mabehewa. Desemba ikifika, treni za Mombasa hujaa watu, na huko Pwani wapiga ngoma, wapiga gitaa, wanasarakasi na wenye bembea huwangojea. Miezi michache hiyo ndiyo huwalisha mwaka mzima.

Lakini ugonjwa ukitajwa, hao ndio wa kwanza kufungiwa mlango. Mwaka wa 2014 Ebola iliua watu wengi katika Liberia, Sierra Leone na Guinea. Kenya haikupata mgonjwa hata mmoja, na mji wa Madrid uko karibu na Liberia kuliko Nairobi. Hata hivyo wageni wengine walivunja safari zao za Afrika Mashariki. Hofu haikutazama ramani.

Mwaka wa 2020 ugonjwa wenyewe ulifika. Tangu tarehe 27 Machi watu walikatazwa kutoka nje kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Treni za abiria baina ya Nairobi na Mombasa zilisimama Aprili, zikarudi tarehe 13 Julai. Amri ya usiku ililegezwa kidogo kidogo, lakini haikuondolewa kabisa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Je, bendi ya dansi ipige saa ngapi, ikiwa usiku watu wamefungiwa nyumbani?

Hatusemi amri zile zilikuwa mbaya. Korona iliua, na mwenye akili humsikia daktari. Neno letu ni hili: hasara ilimwangukia nani? Mwenye hoteli ana benki. Sisi tulioandikwa kazi tuna chama na mapatano. Mpiga ngoma huajiriwa kwa maneno ya mdomo, tena kwa usiku mmoja. Usiku ule ukifutwa, hana dai. NSSF humlipa mzee na asiyeweza kazi tena, haimlipi aliyekosa kazi.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kazi ya msimu iandikwe kwa karatasi, na sehemu ya malipo itolewe mbele, isirudishwe ngoma ikivunjwa kwa ajili ya ugonjwa. Pili, vyama vya wafanyakazi viwapokee watu hawa. Wasiambiwe ati ngoma si kazi. Tatu, Serikali ikifunga nyumba za starehe kwa afya ya wote, basi kodi ya wote iwalishe waliofungiwa.

Ndugu, tuyadai haya sasa, wakati ngoma zinalia. Siku ya ugonjwa hakuna atakayetusikiliza.

Umoja ni nguvu.