Mkono wa Kushoto Washika Simu

Ramadhani iliyopita, katika kumi la kati, gari liliegeshwa kando ya kiwanja kidogo nyuma ya nyumba zetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Vijana wanne wakashusha mifuko ya unga, mchele, sukari, tende na mafuta ya kupikia. Wakatundika kitambaa kirefu chenye jina la kikundi chao. Kisha wakawapanga safu kina mama walioitwa tangu asubuhi: kila mmoja apokee mfuko kwa mikono miwili, ageuke, aitazame simu, apigwe picha, ndipo aende zake.

Jirani yangu mmoja, mjane mwenye watoto, zamu yake ilipofika aliuvuta mtandio mpaka puani. Kijana mwenye simu akamwambia kwa adabu, wala sitamsingizia ujeuri: "Mama, funua uso kidogo, wafadhili wakuone." Bibie akauweka mfuko chini, akasema, "Ahsanteni wanangu," akarudi kwake mikono mitupu. Jioni alimweleza mke wangu sababu. Mwaka uliotangulia alikubali kupigwa picha, ikazagaa katika simu za watu, na binti yake akaonyeshwa picha hiyo shuleni. Muhula mzima wenzake wakawa wamwita "binti wa mfuko."

Ndugu msomaji, usidhani nimeishika kalamu ili kuwatukana vijana wale. Kutaka kuonekana kumo katika nafsi zetu sote, na mimi mwenyewe sina usafi wa kumcheka mtu. Nilipokuwa na umri wa miaka 16, ningali chuoni nikimalizia juzuu za mwisho, niliandika shairi la beti saba nikalipeleka gazetini kwa posta. Wiki tisa nilikuwa nikienda kwa muuza magazeti, nikiufunua ukurasa wa mashairi nimesimama, bila kununua, mpaka mzee wa watu akanichoka. Siku lilipotoka nilinunua nakala tatu. Moja nikaiacha makusudi juu ya baraza aliyozoea kukaa mwalimu wangu baada ya sala ya alasiri. Akaisoma, akaikunja, akaniuliza: "Umeliandika hili lisomwe, au usomwe wewe?" Sikuwa na jawabu, na hata leo sinalo lililo kamili. Washairi wetu tangu jadi hutia majina yao katika ubeti wa mwisho, pamoja na mji watokako, na hapana aliyewalaumu.

Lililogeuka ni kwamba sifa imepata hesabu. Mwezi wa Februari 2009 kampuni ya Facebook ilitia kwenye kurasa zake kitufe chenye alama ya dole gumba, ili mtu apendezwapo abonyeze. Kwa kutazama ni jambo dogo. Lakini zamani mtu akisifiwa barazani, sifa ilikwisha kahawa ilipokwisha. Siku hizi yabaki imeandikwa chini ya picha, 40, 400, 4,000, na mwenye 400 hana raha kwa kuwa mwenziwe ana 4,000. Wenye mitambo wenyewe waliona kuna kasoro. Mwaka 2019 Instagram ilianza kujaribu kuificha hesabu hiyo, na 2021 ikampa kila mtumiaji hiari ya kuificha au kuiacha. Katika ninaowajua mimi, hapana hata mmoja aliyeificha. Na biashara yenyewe ni macho yetu: kadiri tukaavyo tukitazama, ndivyo matangazo yauzikavyo.

Hayo ni ya mtu na nafsi yake. Akipiga picha biriani lake, gari lake au kanzu yake mpya ya Idi, shauri lake, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Nongwa yangu iko pale mtu anapojitafutia sifa kwa uso wa mwenziwe. Mtoaji hutaka aonekane, naye mpokeaji hutaka asionekane, na simu moja haiwezi kuwaridhisha wote wawili. Tena aghalabu mwenye kushindwa ni yule mwenye njaa.

Wapo watakaonijibu kwamba Kurani haikukataza sadaka ya dhahiri. Kweli. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 271, twaambiwa kuitoa kwa dhahiri ni vizuri, na kuificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi. Lakini aya ya 264 ya sura hiyo hiyo yatukataza tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na sioni maudhi makubwa kuliko kumfanya mtoto wa mtu akaitwa kwa jina la mfuko wa unga. Katika hadithi ya wale saba watakaokuwa kivulini siku isiyo na kivuli, yumo aliyetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue uliotoa wa kulia. Mkono wetu wa kushoto siku hizi ndio ushikao simu.

Wengine hutoa hoja yenye uzito zaidi. Husema: wafadhili wako mbali, Ghuba na Ulaya, wametuma fedha zao na wana haki ya kujua zimefika. Hili nalikubali bila kinyongo, maana wenye kula amana za mayatima hawakosekani. Basi na wapelekewe risiti za duka, picha ya magunia na hesabu ya nyumba zilizopewa. Uso wa mjane si risiti.

Nchi yetu ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Chini yake, mwaka 2023, mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuitia mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia. Mteja aliyekwenda kustarehe alipata mtetezi. Jirani yangu naye analindwa na sheria hiyo hiyo, lakini nani atamshitaki aliyemletea unga? Na hiyo idhini, mtu ataikataaje naye amesimama safuni, watoto wangoja nyumbani?

Mama zetu walikuwa na chombo chao, kawa. Magharibi ikikaribia, mtoto hutumwa kwa jirani na sinia iliyofunikwa kawa. Njiani hapana ajuaye chini yake mna nini, kwenda kwa nani, wala kama aendako mna haja au mna shibe, kwa kuwa tajiri na maskini wote walipelekewa. Wageni huinunua kawa kama pambo la ukutani. Kazi yake ilikuwa kuzuia nzi, na macho pia.

Jioni ile mke wangu alitafuta kawa yetu juu ya kabati, akaipangusa vumbi. Chini yake akaweka wali, mchuzi wa samaki na tende, akamtuma mwanetu. Kesho yake, kabla ya adhana, binti wa jirani akaturudishia sahani. Ilikuwa imefunikwa, na ndani mlikuwa na kaimati sita.