Madalali wa Vyuo

Ndugu Wanachama,

Hapa Ngarenaro wamezuka watu wajiitao washauri wa vyuo. Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka tu, hutandaza meza zao wakawatoza vijana fedha ili wawajazie maombi. Kazi yenyewe ni nini? Namba ya mtihani, alama, na masomo ayatakayo mtu! Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi chuoni mwenyewe, na Tume ya Vyuo Vikuu imekwisha kuwaonya watu juu ya mawakala wa namba hii.

Wala hasara kubwa si fedha. Dalali huandika namba ya simu yake. Kijana akichaguliwa na vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha kimoja huenda kwa dalali, naye mwenyewe yuko nyumbani akingoja. Mpwa wangu alingoja hivyo hata muda ukafungwa.

Nasi makarani, tushindao na hati tangu asubuhi hata jioni, twazipita meza zile tukitazama kando. (Wengine wetu, nasikia, ndio wenye meza.) Basi nauliza mbele ya chama: nani atakubali kuketi Jumamosi moja awajazie vijana bure, kwa namba za simu zao wenyewe? Jina langu na liandikwe la kwanza.

Karani mwenzenu, Ngarenaro