Wenye fedha za kakao wasikimbilie kuweka kachumbari kwenye chupa

Kila mwisho wa mwaka soko la Kyela hupokea bidhaa mbili zinazokwenda kinyume. Maembe huongezeka, na bei yake huanguka kiasi kwamba baadhi ya wenye miti hawaoni sababu ya kuyaokota. Wakati huohuo mvua za nyanda za juu huanza, ukungu huingia kwenye mashamba ya nyanya, matenga yanayoshuka kutoka Mbeya na Iringa hupungua na bei hupanda. Mfanyabiashara anayetazama bidhaa moja moja huona hasara upande huu na uhaba upande ule. Mama lishe aliyeko jirani na stendi huona kachumbari.

Nalisema hilo kwa sababu ya swali ambalo limekuwa likijirudia kwa wawekezaji wadogo wa ukanda huu wa Ziwa Nyasa. Fedha ya kakao ilipoingia, watu walianza kutafuta pa kuiweka. Itakumbukwa kwamba Machi 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, Desemba mwaka huo ikavuka 12,000, kisha mwaka 2025 ikaporomoka. Wakulima wa Kyela wanaouza kwa stakabadhi ghalani waliiona neema hiyo. Wapo waliojenga, wapo walionunua bodaboda, na wapo wanaoshawishiwa sasa kuchangia mtaji wa kusindika kile kinachoitwa salsa ya maembe, kikae kwenye chupa yenye nembo nzuri na kipelekwe Dar es Salaam na ng'ambo.

Salsa ni neno la Kihispania lenye maana ya mchuzi. Kwa mlaji wa Kyela si kitu kigeni: ni nyanya, vitunguu, pilipili, ndimu na tunda lililokatwakatwa, yaani kachumbari, ambayo jina lake tumelipata kwa Wahindi kama tulivyopata embe lenyewe. Nyanya na pilipili asili yake ni Amerika. Kwa maneno mengine, Wameksiko na sisi tunakula kitu kimoja kilichopita njia mbili.

Wanaotafuta mitaji hutoa mfano wa Marekani, na mfano wao ni wa kweli. Mwaka 1992 iliripotiwa huko kwamba mauzo ya salsa kwa thamani ya dola yalikuwa yameyapita ya ketchup. Mwaka 1995 kampuni ya Campbell Soup iliinunua kampuni ya Pace ya Texas, iliyojijengea jina kwa salsa, kwa zaidi ya dola bilioni 1. Mwekezaji akisikia takwimu hizo huona embe la bure linalooza pale Ipinda limegeuka noti. Hata hivyo kuna mambo mawili hasemwi. Pace ilianzishwa mwaka 1947, hivyo jina hilo lilijengwa kwa karibu miaka 50 kabla ya kuuzwa. La pili ni kwamba bidhaa ya chupa imepikwa na kutiwa siki. Ni bidhaa nyingine kabisa na kachumbari iliyokatwa asubuhi na kuliwa mchana.

Naandika nikiwa na kovu. Baada ya kumaliza chuo, mimi na wenzangu wawili wenye shahada ya biashara kama yangu tulichanga sh. 400,000 kila mmoja ili tutengeneze kachumbari ya maembe ya chupa mjini Mbeya. Tulikuwa na mpango wa biashara wa kurasa 22, wenye makisio ya mtiririko wa fedha ya miaka mitatu. Wiki ya tatu duka moja lilitupigia simu kwamba vifuniko vimevimba. Tulipofungua chupa ya kwanza embe liliruka hadi kwenye shati langu. Hakuna aliyeugua, tunashukuru. Lakini katika kurasa zile 22 hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu uchachu.

Ndilo somo lililotugharimu sh. 1,200,000. Embe likiiva hupata sukari na kupoteza uchachu. Wataalamu wa vyakula hutumia kipimo kiitwacho pH, na mpaka unaotambulika ni 4.6, juu ya hapo chakula kilichofungwa bila hewa kinaweza kuzaa sumu ya botulini, ambayo huua. Ndimu iko chini sana ya mpaka huo, vitunguu na pilipili viko juu yake, nyanya huchezea pande zote mbili. Ukichanganya kwa kukisia hujui umeangukia wapi. Ili bidhaa ikae rafuni inabidi uipime, uiongezee siki, uipike, uifunge ikiwa ya moto, upate alama ya TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo yenye dhamana ya usalama wa vyakula badala ya TFDA ya zamani. Ukishafanya yote hayo umepata chatne. Na kwenye rafu ya chatne, achari na sosi utawakuta Dabaga wa Iringa pamoja na bidhaa za nje, wenye mitambo na magari ya kusambaza. Wewe unanunua chupa reja reja. Katika hesabu zetu chupa na kifuniko vilikuwa ghali kuliko kilichomo ndani.

Sasa tuitazame kachumbari mbichi kama biashara, jambo ambalo halifanywi kwa kuwa haina bei. Hakuna mtu anayeagiza kachumbari ya sh. 500. Inakuja na wali na mbasa, au magege wa kukaanga, na mteja huihesabu kuwa haki yake. Kwa hiyo mama lishe huiandika, kama anaandika, upande wa matumizi, na nyanya zikipanda jambo la kwanza analofanya ni kuipunguza au kuijaza kabichi.

Hapo ndipo embe linapoingia, na nionavyo mimi ndipo fedha ilipo. Tuchukue mfano wa hesabu, kila mmoja aweke bei za soko lake. Tuseme wakati wa kiangazi sado ya nyanya ni sh. 4,000, na vitunguu, ndimu, pilipili na chumvi ni sh. 2,000. Beseni linatosha sahani 40, yaani sh. 150 kwa sahani. Mvua zikaja, sado ikawa sh. 8,000: sahani imefika sh. 250. Akiondoa nusu ya nyanya na kuweka maembe ya sh. 1,000, na kwa kuwa embe bichi lina uchachu wake akapunguza ndimu za sh. 500, beseni zima ni sh. 6,500, sahani moja kama sh. 163. Amebakiwa na sh. 3,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni sh. 91,000. Kwa biashara ambayo mtaji wake wote wa mzunguko unakaa kwenye mkoba wa kiunoni, hiyo si fedha ya kubeza.

Ufundi wake nao si wa kubeza. Nilikaa asubuhi nzima na mama mmoja anayepika karibu na soko, nikamwamkia, akanipa kigoda na kisu. Embe analotaka ni lililokomaa lakini bado gumu, ambalo ukilikata lina rangi ya njano hafifu na halitoi maji. Lililoiva analitenga kwa ajili ya watoto. Vitunguu anakata vyembamba, anavifikicha kwa chumvi, anavisuuza mara mbili na kuvikamua, ukali unatoka na rangi inabaki. Nyanya anazitoa mbegu. Ananasi likipatikana kwa bei nzuri anatia kidogo, tango vilevile. Parachichi, lile la Rungwe, halichanganyi kabisa kwenye beseni. Analikatia mteja kwenye sahani, kwa sababu likikaa linakuwa jeusi, na ndimu inachelewesha tu.

"Chumvi ya mwisho uiweke wakati samaki yuko tayari, mwanangu," aliniambia nilipoitia mapema. "Ukiwahi, utawauzia watu maji."

Ni kweli kabisa. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kila kipande kilichokatwa, na baada ya muda mfupi beseni huwa supu. Ndiyo maana hatengenezi beseni moja kubwa. Anatengeneza madogo matatu: la saa tano na nusu, la saa saba na la saa nane. Sisi chuoni tulifundishwa kwamba uzalishaji wa mafungu madogo huongeza gharama. Hapa mafungu madogo ndiyo yanayozuia hasara.

Joto la Kyela halina huruma. Mji uko chini kabisa, mita zisizofika 600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya ziwa ina unyevu. Kanuni inayotumika Marekani ni kwamba chakula kinachoharibika haraka kisikae nje zaidi ya muda wa saa 2, na kama joto limezidi nyuzi 32, saa 1. Beseni linaloandaliwa alfajiri likasubiri wateja wa mchana limeshapita kanuni zote mbili.

Na hapa naomba wenye mitaji wasome taratibu. Hatari kubwa ya biashara hii iko kwenye maji, kuliko hata kwenye bei ya nyanya. Kyela hupata mvua kubwa kuliko wilaya nyingi nchini, mito hufurika, vyoo na visima hukutana. Kipindupindu kimewahi kuingia zaidi ya mara moja, na ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ilipata mlipuko ulioanza Machi 2022 na kuua zaidi ya watu 1,700. Unapotokea ugonjwa, maofisa wa afya huzuia kwanza vyakula visivyopikwa na matunda yaliyokatwa, na wana haki. Amri hiyo haichagui aliyeosha embe lake kwa maji ya kuchemsha na aliyelisuuza kwenye ndoo ya jana. Mmoja akikosea, wote wanafunga.

Kwa hiyo mwenye sh. milioni 2 za kakao anayeniuliza, jibu langu ni hili. Asinunue mtambo. Aweke tangi la maji, mabomba mawili na meza ya vigae penye kivuli pale wanapokusanyika mama lishe, atoze ada ndogo ya siku kwa kuosha na kukatia. Aongeze boksi la barafu kama yale ya wauza samaki. Fedha inayobaki iende kwenye bidhaa zenyewe: vitunguu vinavyokaa wiki kadhaa vikiwekwa pakavu, pilipili, ndimu, na bajaji ya kukusanya maembe magumu kutoka Ipinda na Ngonga kabla hayajaanguka. Mama lishe kumi wanaonunua kila siku ni soko ambalo halihitaji nembo wala tangazo la redio.

Anunue kwa kupima pia. Vitunguu vikija kwa lumbesa mwenye gunia anafaidi, ila anayeuza kwa sado asipopima kilo hajui amenunua kwa bei gani. Nimeona vijana wakipiga hesabu ya faida kwa gunia huku wakiuza kwa fungu, na fungu likawa linakua au kupungua kutegemea sura ya mteja.

Wapo watakaosema soko la Kyela ni dogo na kwamba mpaka wa Kasumulu uko hapo hapo. Mpaka ni fursa, sikatai. Lakini Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza baadhi ya mazao, yakiwamo mchele, tangawizi na ndizi, na Aprili Tanzania nayo ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Mazungumzo yakafanyika na zuio letu likaondolewa. Muda wenyewe ulikuwa mfupi, lakini mwenye ndizi kwenye lori hana muda wa kusubiri. Kama ni kutafuta wateja nje ya mji, afadhali Matema, ambako wageni wanaokuja ufukweni wanataka samaki mchana na jioni, na ambako mtu akikatiwa kachumbari ya embe mbele ya macho yake atailipia.

Jina la Kyela lenyewe lina thamani. Mchele wa kila mahali unauzwa Dar es Salaam kwa jina hilo na watu ambao hawajawahi kulivuka daraja la mto Kiwira. Siku moja huenda embe letu likapata bahati ya namna hiyo, likiwa kwenye chupa na likiwa limepimwa. Anayetaka njia hiyo aanze SIDO Mbeya, ajifunze usindikaji, atengeneze chupa 50 na azihifadhi miezi sita chumbani kwake kabla ya kuchangisha shilingi ya mtu.

Siku ile nilipokuwa kwa mama, beseni la tatu liliisha saa nane na nusu wakati bado kuna samaki wanne. Hakukata lingine, maji ya kuchemsha yalikuwa yamekwisha. Wateja wawili waliokuja walitazama sahani, wakauliza kachumbari, wakaambiwa haipo. Mmoja alikaa baada ya kupunguziwa sh. 500. Wa pili alivuka barabara, akaenda kula kwa jirani.