Sema "Twende", Usiseme "Nenda"

Mimi bado nipo huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nilikomfuata mume wangu. Baridi ya huku si unajua tena.

Mwezi huu nina kisa cha majirani zetu. Ni mtu na mkewe, Wazungu, umri kama wetu. Mke ni mwalimu na ni Democrat wa damu. Mume anaendesha lori na ni Republican tangu enzi za babu yake. Miaka yote walikuwa wakitaniana tu kuhusu siasa, basi. Kisha kaka yake yule bwana akafariki. Tangu hapo halali, hali vizuri, na jioni anajifungia gereji na redio yake.

Kiangazi kilichopita walitualika nyama choma. Katikati ya maongezi mke akasema mbele yetu sote, "Nenda kamwone mshauri nasaha, mimi nimechoka!" Mume akajibu bila hata kugeuka, "Hayo ni mambo yenu nyie Democrat. Siwezi kumlipa mtu anisikilize nikilia." Mke naye hakukubali kushindwa: "Ndiyo maana wanaume wa chama chako mko hivyo mlivyo." Jamani! Nyama iliungua pale, hakuna aliyeigeuza.

Machozi nayo yana chama?

Huku imefikia hapo. Watu wamegawanyika mpaka kwenye kituo cha habari wanachoangalia, na ushauri nasaha nao umebandikwa bendera. Wapo Republican wengi wanaouona ni kitu cha watu wa mjini wenye pesa ya kuchezea. Mwanaume akizidiwa ana kanisa lake, familia yake na kazi yake. Upande wa Democrat nao wana lao. Kwa baadhi yao, kuwa na mshauri ni kama cheti cha ustaarabu, na "katibiwe" limekuwa tusi la kumrushia mnayepishana naye. Sasa niambie, nani atameza dawa aliyopewa kama tusi?

Tena msidhani Democrat walizaliwa na uelewa huo. Mwaka 1972 mgombea wao wa urais, George McGovern, alimteua Seneta Thomas Eagleton kuwa mgombea mwenza. Ikajulikana kuwa Eagleton aliwahi kulazwa mara tatu kwa sababu ya sonona. Alidumu siku 18 tu, akaondolewa. Miaka 51 baadaye, Februari 2023, Seneta John Fetterman wa Pennsylvania, naye Democrat, alikwenda hospitali kwa ugonjwa huohuo. Alikaa wiki sita hivi, akarudi kazini na kiti chake. Ted Cruz, Republican ambaye hawapatani naye kisiasa, alitangaza hadharani kuwa yeye na mkewe wanamwombea.

Lakini kilichonigusa zaidi ni sheria ya mwaka 2008. Kabla yake, bima nyingi za afya huku zilikulipia vizuri ukivunjika mguu, ila ukiugua akili ulihesabiwa siku za kumwona daktari na kuongezewa gharama. Sheria ile ilidai masharti yawe sawa. Ina majina ya maseneta wawili: Paul Wellstone, Democrat wa jimbo hili hili la Minnesota aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 2002, na Pete Domenici, Republican wa New Mexico. Wellstone alikuwa na kaka aliyeugua akili. Domenici alikuwa na binti mwenye skizofrenia. Kwenye Baraza la Wawakilishi ilisukumwa na Patrick Kennedy, Democrat, na Jim Ramstad, Republican, naye wa huku kwetu. Kennedy alipogonga kizuizi kwa gari karibu na Bunge mwaka 2006 na kukiri kuwa ana uraibu, Ramstad, ambaye mwenyewe aliacha pombe mwaka 1981, ndiye aliyemshika mkono katika safari ya kuacha. Rais aliyeitia saini ni George W. Bush, Republican.

Unaona? Maumivu yaliingia nyumbani kwao bila kuuliza kadi ya chama.

Sasa nirudi kwangu

Usiku ule wa nyama choma, ndani ya gari, mume wangu alicheka: "Yule bwana kasema kweli." Mimi sikucheka. Mwaka juzi tulipoteza mimba ya miezi sita. Tangu siku ile, chumba tulichokipaka rangi mlango wake umefungwa, na hakuna anayeutaja. Niliwahi kumwambia akamwone mshauri. Akasema hayo ni mambo ya Kizungu, kwetu tuna wazee. Wazee wenyewe wako Morogoro, na hajawapigia simu kuwaambia hata neno moja.

Nikakumbuka nilivyomwambia. Ilikuwa katikati ya ugomvi: "Nenda katibiwe, wewe huna akili!" Sawasawa na jirani yangu. Yule anakimbilia chama, wangu anakimbilia asili yetu, lakini wote wawili walikuwa wanakwepa kitu kimoja: kuonekana wameshindwa na mke.

Kwa hiyo nilibadilisha neno. Niliweka miadi, nikamwambia tukiwa tunaosha vyombo: "Alhamisi saa kumi jioni. Mimi ndiye ninayeumwa. Twende, nisiingie peke yangu. Ukiona ni upuuzi, tunaondoka."

Alikuja. Saa nzima hakuvua koti, na maneno yake hayakufika ishirini. Moja kati ya hayo lilikuwa jina tulilompangia mtoto. Sikujua kama bado analikumbuka.

Jirani yetu bado yuko gereji. Ila nilimnong'oneza mkewe hili la "twende", na wiki iliyopita nimesikia wamekwenda pamoja kwa mchungaji wao. Si mshauri nasaha, lakini kwangu ni mwanzo mzuri, na mkewe hakubishana naye.

Na wewe msomaji, leo usimtume mwenzio. Mshike mkono mwende wote. Tukutane mwezi ujao.