Kosa la «about»

Mtahiniwa akiandika «discuss about», kalamu nyekundu humwangukia papo hapo. Kitenzi talk hudai about, ilhali discuss hukikataa kabisa. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba ndivyo wanavyosema wenyewe. Au tazama look: look for ni kutafuta, look after ni kutunza, look into ni kuchunguza. Kitenzi hakikubadilika hata herufi. Kijineno cha mkiani ndicho kilichogeuza maana yote.

Kiswahili aghalabu huimaliza kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. Aliyehama Dodoma na aliyehamia Dodoma wametenganishwa na irabu moja tu. Kwa aliyelelewa na lugha ya namna hiyo, kukariri vijineno vya Kiingereza kimoja kimoja ni kazi ya miaka mingi. Nasi humtumbukiza humo mtoto wa shule ya serikali anapoingia kidato cha kwanza, akiwa amesomeshwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza.

Sikipingi Kiingereza, ndicho ninachofundishia. Ninachokipinga ni kumkata alama mwanafunzi wa biolojia kwa sababu ya about, au kumwona mwombaji kazi mjinga (na wasaili wenyewe, tuseme kweli, huteleza palepale). Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Jaji anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa kidato cha pili, katika mtihani wake, haruhusiwi kueleza kwa lugha hiyo jinsi moyo unavyosukuma damu.